Chupa Juu ya Ukuta wa Lucca

Saa nne asubuhi ya Jumatano Loice alijua mambo yameharibika, kwa sababu Guerschom alikuwa amenyamaza. Guerschom hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa Mkongo aliyekulia Nsambya, akaishi Italia miaka kumi na mmoja, na tangu arudi kufungua mgahawa wake hapa Kabalagala, Kampala, alikuwa akiongea na kila kitu: friji, mafundi wa bomba, hata unga. Sasa Loice alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, akasikia viatu vikikanyaga sakafu mpya, kisha hakusikia tena chochote. Akauacha unga wa tambi aliokuwa akiukanda, akafuta mikono kwenye aproni, akatoka jikoni.

Mume wake, Sylvanus Odero, alikuwa amesimama kando ya jukwaa la mbao alilopandia kuchora, na brashi mkononi, akingoja kusifiwa; Guerschom alikuwa amekubali asitazame mpaka kazi iishe. Mlangoni alisimama Wahabi, askari wa geti, na kofia yake chini ya kwapa, kama mtu aliyeingia kanisani. Na ukutani, kutoka kona hadi kona, mita tisa nzima, ulikuwepo mji wa Lucca wa Italia, kwa rangi.

Loice hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Alikuwa na diploma ya upishi wa hoteli na watoto wawili, na vyote viwili vilimfundisha kutazama kitu mara moja na kuamua. Lakini kazi hii alikuwa ameitazama kila siku kwa wiki tatu, na bado kila alipotoka jikoni alisimama. Mnara mmoja ulikuwa umeota miti kichwani, miti halisi, kama mtu aliyesahau kunyoa. Mapaa yalikuwa ya rangi ya viazi vitamu vilivyochomwa. Nyuma kabisa ilikaa milima yenye weupe kileleni. Na mbele ya yote ulipita ukuta mrefu wa matofali, umejipinda kama mkono wa mama aliyepakata mtoto.

Guerschom alinyosha kidole. "Mzee Odero. Hapo juu ya ukuta. Hiyo ni nini?"

"Chupa," alisema Odero.

"Chupa gani?"

"Za kuzuia wezi. Nimezipanga kama zile za ukuta wa mchungaji pale Kisugu, zinakaa vizuri. Za kijani, za kahawia. Hizi zinazong'aa ni za soda."

"Na waya?"

"Waya ni wa kuongezea. Mji kama huu, wezi hawawezi kukosa."

"Na mimi ndiyo yule hapo geti," alisema Wahabi. "Ona, bosi. Hata tumbo yangu ameweka. Amenipatia bunduki mpya."

Guerschom hakucheka. Alitoa pochi, akatoa kadi ya picha, ile ile aliyomwazima Odero siku ya kwanza. Ilikuwa na ukubwa wa kiganja na ilikuwa imekaa ndani ya pochi miaka mingi mpaka pembe zikawa laini kama kitambaa. Odero alikuwa ameikuza kwa mistari ya penseli, mraba kwa mraba, kwa njia aliyofundishwa na bwana wake zamani kule Kisumu. Kijana wao Cleopas alimwambia atafute picha kwenye simu, akakataa. Alisema simu inaonyesha kila kitu na yeye alitaka kitu kimoja.

"Hivi vidoadoa hapa juu," Guerschom alisema, akiweka ukucha kwenye kadi. "Umeona?"

"Nimeviona. Ndizo chupa."

"Hivi ni watu."

Odero aliichukua kadi. Akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Watu wamepanda ukuta?"

"Wanatembea. Kule juu ni barabara. Ni bustani. Watu wanaendesha baiskeli, wazee wanakaa kwenye viti, watoto wanakula aiskrimu. Na hakuna waya, hakuna chupa. Hakuna askari. Geti haijafungwa miaka mingi sana." Alivuta pumzi. "Umenichorea jela, mzee."

Wahabi alivaa kofia yake polepole, akarudi nje kwenye geti lake.

"Ukuta wa kutembelea," alisema Odero, kama mtu anayejaribu kutafuna kitu kigumu. "Sasa unalinda nini?"

Guerschom alikuwa ameshatoa simu. "Ufunguzi ni Jumamosi," alisema. "Naita Byron."

Byron alifika baada ya nusu saa na kipimo cha utepe shingoni. Alikuwa na duka la kuprinti mabango upande wa pili wa barabara, na mashine yake ndiyo iliyommaliza Odero. Kwa miaka ishirini Odero alichora vibao vya saluni, maduka ya dawa, baa na makanisa kutoka Kabalagala hadi Ggaba, na mtu akitembea njia ile alikuwa akisoma mkono wake. Sasa alikuwa amemaliza miezi minane bila kibao hata kimoja. Kazi hii ya Lucca Loice ndiye aliyemtafutia. Alimwambia Guerschom kwa kinywa chake, kama mpishi wake mkuu: mume wangu anaweza.

"Mita tisa kwa tatu," Byron alisema, akipima juu ya mchoro kana kwamba ni ukuta mtupu. "Ssebo, bwana wangu, hii mimi napurinti saa moja tu. Nabandika juu, hakuna mtu atajua chini kulikuwa nini." Akamgeukia Odero kwa huruma, na huruma ndiyo iliyouma zaidi. "Mzee, usisikie vibaya. Bulashi ilikuwa kazi ya zamani."

"Lete Ijumaa saa kumi," alisema Guerschom.

Odero aliosha brashi zake moja moja ndani ya kopo la tapentaini. Akazifunga kwenye gazeti. Akapita mbele ya mkewe bila kumtazama, akatoka.

*

Mchana wateja wa majaribio walipokwisha kula, Loice alimpelekea Guerschom kahawa, akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Niambie huo ukuta," alisema.

"Mama Cleo, nimeshaamua."

"Sijakuomba ubadilishe. Nimesema niambie. Upana wake?"

Guerschom alimtazama. Alipoona hatoki, akaanza kujibu. Juu, magari mawili yangepishana na watu wakabaki na pa kutembea. Kwenda juu, kama nyumba ya ghorofa nne. Kuuzunguka wote ni kilomita nne na kidogo.

"Kwa hiyo ni kutoka hapa mpaka Ggaba, karibu."

"Karibu. Lakini unazunguka na kurudi ulipoanzia."

"Ndani kuna nini? Matofali matupu?"

"Udongo. Matofali ni ngozi ya nje tu. Ndani ni udongo, ndiyo maana miti imeshika."

"Walijenga muda gani?"

"Zaidi ya miaka mia."

Loice aliweka mkono juu ya meza. Katika mtaa wake fundi akichelewesha choo wiki mbili watu walimtukana. Miaka mia. Mtu alichanganya chokaa akijua atakufa kabla ya kuona mwisho, na mwanawe akachanganya, na mjukuu.

"Na vita vilipokuja?"

"Havikuja. Hakuna jeshi lililowahi kuushambulia ukuta ule. Adui aliyefika alikuwa maji. Mto ulifurika, miaka mia mbili iliyopita, wakafunga mageti na maji yakaja mpaka hapa." Alionyesha kifua. "Mji haukulowa. Wanasimulia kwamba mtawala wao mwenyewe, mwanamke, alikuwa nje siku hiyo. Geti haikuweza kufunguliwa. Wakamnyanyua na winchi, wakampitisha juu ya ukuta."

"Mtawala wa nchi, ananyanyuliwa kama gunia."

"Kama gunia, mama."

Loice alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akakumbuka maji ya Namuwongo yanavyoingia kwenye nyumba za watu kila Aprili, magodoro yakielea. Ukuta uliozuia mto.

"Na ile milima yenye theluji?"

"Sio theluji. Nilidhani hivyo hivyo. Ni mawe, marumaru. Wanakata mlima wanauza." Guerschom alizungusha kikombe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama Cleo, nitakuambia kitu, usipeleke nje. Mimi nilifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, huko bondeni, nje ya mji. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa napita chini ya ukuta ule kwa baiskeli, kwenda na kurudi. Sikuingia."

"Kwa nini?"

"Nani angeniambia niingie? Niliona ukuta. Ninajua ukuta ni nini, nimekulia Kampala. Nilidhani ni mji wa wenyewe. Nilidhani kuna kitambulisho. Hata sikuangalia juu, niliona aibu. Siku moja bibi mmoja ananikuta nimesimama kwenye nyasi nakula mkate. Ananiuliza, kwa nini unakula chini, na juu kuna kivuli? Ananipandisha. Nilifika juu, naona watu wanatembea tu. Wanatembea tu, mama. Nililia kama mtoto." Akasukuma kikombe. "Sasa mume wako ananichorea kile nilichokiona mwaka wa kwanza. Chupa kwa chupa. Sitaki watu wakione."

Loice alisimama. "Byron anakuja Ijumaa saa kumi?"

"Saa kumi."

"Basi ukuta ni wa mume wangu mpaka Ijumaa saa kumi."

*

Walikaa Kisugu, vyumba viwili katika safu ya vyumba sita, na jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Jalia, mke wa Wahabi, Mnubi aliyesuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula na kusikia habari kabla hazijatoka mdomoni.

"Mama Cleo," alisema Jalia bila kuinua macho kwenye ukindu wake, "baba Cleo anasafiri? Nimeona anashusha begi juu ya kabati."

"Anaonyesha begi jua," alisema Loice, akaingia.

Odero alikuwa ameketi kitandani. Begi lilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na mashati matatu na suruali ya kanisani. Brashi hazikuwemo.

"Kaka yangu kule nyumbani bado anataka mtu wa kusimamia mashine ya kusaga," alisema. "Basi la Busia linatoka kesho jioni."

"Bondo."

"Bondo. Nyinyi mbaki, watoto wamalize shule. Nitakuwa nakuja Krismasi."

Loice alikaa kwenye kiti cha plastiki. Angeweza kumwambia mengi. Alikuwa ameona watu waliokwenda kusimamia mashine ya kusaga kwa muda. Mwaka wa kwanza walikuja Krismasi, wa pili wakatuma unga, wa tatu wakatuma salamu. Aliona nyumba hizo. Hazikuvunjika kwa kelele.

"Unaogopa kile kijana cha kuprinti?"

"Siogopi. Mama Cleo, nilitazama picha ile wiki tatu. Mimi. Kwa macho haya. Nikaona watu nikasema ni chupa." Alisugua vidole vyake vyenye rangi ya matofali kwenye kucha. "Mchoraji asiyejua mtu na chupa, ni wa nini?"

"Ulichora ulichokijua."

"Ndiyo hiyo. Sijui kitu kingine. Ukuta ambao watu wanatembea juu yake, siuoni. Nikifunga macho naona chupa tu."

Loice aliangalia begi, akaangalia mume. "Kesho asubuhi tutatembea kidogo," alisema. "Basi ni la jioni. Asubuhi huna kazi."

*

Saa kumi na mbili na nusu ya Alhamisi waliteremka kutoka Kisugu kuelekea Namuwongo. Kila kiwanja walichopita kilikuwa na ukuta, na kila ukuta ulikuwa na chupa au waya, na Odero alitembea akiviangalia kama mtu anayehesabiwa makosa yake. Loice alikuwa na zamu saa mbili na alitembea haraka.

Walifika relini. Hapo reli ilipita juu ya tuta la udongo, na mapaa ya mabati yalikuwa yamejibana pande zote mbili, chini. Juu ya tuta watu walikuwa wameshaamka. Mwanamke alitandika nyanya kwenye gunia. Wanafunzi wawili walitembea kila mmoja juu ya chuma chake wakishikana mikono wasianguke. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo, akinyolewa. Mtu mmoja alisukuma baiskeli iliyobeba ndizi.

"Simama hapa," alisema Loice. Akamshusha mpaka chini ya tuta, karibu na mtaro, akamgeuza kwa mabega kama anavyomgeuza mtoto wa kupimwa nguo. "Angalia juu."

Odero aliangalia. Kutoka chini, na jua likiwa nyuma yao, watu wale walikuwa wamepungua wakawa vipande vya rangi: kijani, kahawia, nyeupe inayong'aa. Vilipangana juu ya tuta, vikisogea.

"Ukuta wa Lucca ni udongo ndani," alisema Loice. "Nimemuuliza. Matofali ni ngozi tu. Ni tuta, baba Cleo. Ni reli isiyokuwa na treni. Chukua hii, ivalishe matofali, panda miti huku na huku, uinue iwe ghorofa nne. Watu ni hawa hawa."

Mdomo wa Odero ulikuwa wazi kidogo. Mwanamke wa nyanya alisimama kunyosha mgongo, na kwa muda alikuwa mrefu kuliko mapaa yote, na mbingu nzima ilikuwa nyuma yake.

"Walijenga miaka zaidi ya mia," Loice aliendelea, na alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe imekuwa ya chini, kama ya mtu aliye kanisani. "Kwa ajili ya vita. Vita havikuja. Kisha watu wakapanda miti, wakatembea."

"Hakuna aliyewafukuza?"

"Nani awafukuze? Ukuta ni wao."

Treni ya mizigo ilipiga honi mbali, kuelekea bandarini. Mwanamke alikunja gunia lake la nyanya bila haraka, mzee akanyanyuka na ndoo yake na nusu ya kichwa kimenyolewa, wanafunzi wakaruka. Treni ikapita. Ilipokwisha kupita wote walipanda tena, kila mmoja mahali pake.

Odero alikuwa akihesabu kitu kwa vidole. "Sina muda wa kupaka upya," alisema. "Rangi ya chini haitakauka. Nikifuta chupa zote, Byron ananikuta na ukuta wa matope."

"Usifute."

"Sifuti," alisema Odero. Alikuwa ameshaanza kupanda tuta, upesi, kama mtu aliyesahau sufuria motoni. "Chupa ya kijani ni gauni. Ya kahawia ni koti. Ziko mahali pake, mama Cleo. Zimekaa mahali pa watu kabisa. Nilikosa vichwa tu."

*

Siku mbili Loice alipika akiwa amegeuza sikio. Hakwenda kutazama. Alisikia jukwaa likisogezwa, alisikia mume wake akiimba Kijaluo kwa sauti ya puani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi minane, na mara moja alimsikia akimwambia Guerschom aondoke hapo, anamzibia mwanga. Alhamisi jioni basi la Busia liliondoka bila yeye. Begi lilibaki juu ya kitanda na watoto wakalala wakiwa wamelikunjia miguu.

Ijumaa saa kumi kasorobo Byron aliingia na bango lake limeviringishwa begani, na kijana mwenzake wa kushika upande wa pili. Loice alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakujua kwa nini ameubeba, lakini hakuurudisha.

Byron alitua bango sakafuni. Akasimama.

Juu ya ukuta wa Lucca watu walikuwa wakitembea. Walikuwa mia na zaidi, hakuna hata mmoja mkubwa kuliko kidole gumba, na kila mmoja alikuwa na mwendo wake. Gauni la kijani lilikuwa limeshikwa na upepo. Koti la kahawia lilikuwa la mzee aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Chupa zote za soda zilikuwa watoto waliovaa mashati meupe. Waya ulikuwa umegeuka mashina na matawi, na majani yake yalitupa kivuli juu ya vichwa vyao. Wanafunzi wawili walitembea wakishikana mikono wasianguke, mwanamke alinyosha mgongo, mzee mmoja alinyolewa. Huyo wa kunyolewa hakika hakuwa wa Italia, lakini hakuna aliyeuliza.

"Nyabo," Byron alimnong'oneza Loice, "hii mashine haiwezi."

"Najua," alisema Loice.

Guerschom alikuwa amesogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta. Alikuwa akitafuta. Kidole chake kilipita mtu kwa mtu bila kugusa rangi mbichi, kikafika kwenye nyasi chini ya ukuta, mbele kabisa, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Hapo alisimama kijana mdogo na baiskeli na kipande cha mkate, na kando yake bibi kizee aliyenyosha mkono kuelekea juu.

Guerschom alimgeukia Loice. "Nilikuambia usipeleke nje."

"Sikupeleka nje. Nilipeleka kwa mume wangu."

Guerschom alikaa kwenye kiti cha karibu, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakatikisika. Odero alishuka jukwaani akajifanya anatafuta kitambaa. Kisha Guerschom akasema, bila kuinua uso, "Byron, chukua bango lako. Nitalilipa. Lipeleke."

Walipokuwa wakilitoa, Wahabi aliingia. Tangu Jumatano hakuwa amekanyaga ndani. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye geti lake la kwenye mchoro, akainama.

Geti lilikuwa wazi, mabawa yote mawili yamerudi nyuma, na njia iliingia mpaka mjini. Hapakuwa na mtu.

"Odero," alisema. "Umenitoa."

"Nimekuhamisha. Angalia juu."

Ilimchukua muda. Alijiona pale chini ya mti wa tatu, kwenye kiti kirefu, kofia magotini na tumbo lake lote. Kando yake mwanamke mwenye kitambaa cha njano alikuwa na kawa mapajani. Hapakuwa na bunduki popote.

"Jalia huyu," alisema Wahabi.

"Ndiye."

Wahabi alitazama kwa muda mrefu. Babu yake alikuja Uganda na bunduki ya Waingereza, baba yake alilinda geti la kambi ya jeshi ya Bombo mpaka akastaafu, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mageti ya watu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alitazama tena geti lililo wazi, kisha kile kiti.

"Na huku chini," aliuliza, "nani anachunga?"

"Hakuna," alisema Odero.

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna."

Wahabi alivuta kiti cha mgahawa, kiti kipya ambacho hakuna mteja aliyekuwa amekikalia. Akakiweka mbele ya ukuta, akavua kofia, akaketi.